Kompyuta Mbili, Sebule Moja, na Bado Faili Inapitia Ng'ambo

Wacha niseme bila kuzunguka: kama una kompyuta mbili kwa nyumba moja na bado unahamisha video kutoka hii hadi ile kwa kuipandisha kwa klaudi kwanza, unaibiwa. Unaibiwa data, unaibiwa muda, na mwizi mwenyewe si mtu mmoja. Ni mazoea. Ni fundi asiyetaka ujue kitu. Ni sisi vijana wa mitandaoni ambao tukiulizwa swali la maana tunajibu "zima uwashe" halafu tunapotea.

Hebu tupige hesabu kidogo, hesabu ya shule ya msingi. Una video ya gigabaiti 10. Laini ya nyumbani kwako inapandisha megabiti 10 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo hiyo video ni megabiti 80,000. Gawanya kwa 10 upate sekunde 8,000. Hiyo ni saa 2 na dakika 13, na hapo ni kupandisha tu, kompyuta ya pili bado haijaishusha. Sasa chukua waya wa mtandao wa kawaida, chomeka upande huu na upande ule. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zenye tundu la waya hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde. Hesabu inasema sekunde 80. Hata diski ikiwa kuukuu na ivute miguu mara tatu zaidi, ni dakika 4. Chai haijachemka.

Najua jibu lenu. "Lakini hizo kompyuta zangu hazionani." Sawa. Hazionani, na wewe ukachukulia kwamba ndivyo Mungu alivyopanga. Ukaacha kuuliza kwa nini. Hapo ndipo naanza kugombana na wewe.

Vita hii si mpya

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ukituma barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine hapohapo Nairobi, na ofisi hizo zinatumia kampuni tofauti za intaneti, ile barua ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ndipo ikarudi. Mtu wa Westlands anaongea na mtu wa Industrial Area kupitia bara lingine, na safari yote inalipiwa hapa. Kampuni za intaneti zikakaa chini zikaanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa nyumbani, kinaitwa KIXP, Novemba 2000. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika kwamba kituo kinaingilia haki yake. Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe, na hakikuwa kimemaliza hata miezi miwili. Ilibidi watu wapiganie leseni, na mwaka wa 2002 kikarudi kufanya kazi. Tangu hapo mawasiliano ya Kenya kwenda Kenya yamekuwa na njia ya kubaki Kenya.

Kwa hivyo kuna watu walibishana na serikali na shirika kubwa ili faili ya Nairobi isilazimike kupanda ndege kufika Nairobi. Halafu wewe, kwa hiari yako, ndani ya nyumba yako, unairudisha kwa ndege. Kutoka meza hadi kochi. Mita mbili!

Na usiniambie ni mambo ya watu wa kompyuta. Wewe unayeedit video kwa laptopu na kuhifadhi kwa ile kompyuta ya mezani, ni mambo yako. Mwalimu anayeandika mtihani kwa laptopu na printa iko kwa kompyuta ya mtoto, ni mambo yake. Mwenye duka la kuchapisha, mwenye studio ya picha, mhasibu wa chama. Kenya imejaa watu wenye kompyuta mbili zisizosalimiana, na katikati yao kuna flashi iliyojaa virusi inayotembea kama posta.

Sasa nitaje uongo tunaouziwa, mmoja mmoja.

Uongo wa kwanza: "Intaneti imepotea, kwa hivyo hakuna kitu"

Waifai si intaneti. Ruta yako inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha vifaa vya nyumba, vyenyewe kwa vyenyewe. Ya pili ni kufungua mlango wa kwenda nje. Mlango wa nje ukifungwa, watu wa ndani hawajakufa, bado wanaweza kuongea.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ukayumba tena nchini. Siku hizo mbili watu walikaa wakikodolea macho taa nyekundu ya ruta wakisema hawawezi kufanya kazi. Lakini kuhamisha faili kutoka laptopu yako kwenda kompyuta ya chumba cha pili kungeenda kwa kasi ileile ya kila siku. Hakuna waya wa baharini kati ya sebule na chumba cha kulala.

Ndani ya nyumba kila kifaa kina anwani yake. Nyingi huanza na 192.168, na hizo zilitengwa rasmi mwaka wa 1996 kwa matumizi ya ndani tu. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na 192.168.1.5 na wewe pia unayo, na hamgongani. Ni kama "nyumba ya tano": kila mtaa unayo.

Kuziona, fungua kile kisanduku cheusi cha amri cha Windows, andika ipconfig, bonyeza Enter. Fanya hivyo kwa kompyuta zote mbili. Andika majibu kwa karatasi. Hapo tayari umefanya kazi ambayo mafundi wengi hawafanyi, na hujatoa hata shilingi.

Ukiona sehemu tatu za kwanza zinafanana, mfano 192.168.1.5 na 192.168.1.9, kwa nyumba nyingi ina maana ziko mtaa mmoja. Songa mbele. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, hiyo kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Kama ilipaswa kuwa kwa ruta, shida iko kwa waya, kwa waifai, au kwa ruta yenyewe. Angalia taa za tundu. Jaribu waya mwingine. Ukiona sehemu ya tatu inatofautiana, mfano moja ni 192.168.1.5 na nyingine ni 192.168.0.7, ziko mitaa miwili tofauti, na hapo unayo hadithi ninayotaka kuwaambia sasa.

Uongo wa pili: "Hii dawa yake ni fomati"

Kuna mama kwenye ploti yetu anayechapisha kadi za harusi na programu za mazishi. Kompyuta ya kubuni iko sebuleni. Ile yenye printa iko chumba cha nyuma. Zilikuwa zinaongea vizuri, mpaka kijana wake akanunua ruta ya pili ili waifai ifike nyuma. Kesho yake printa haionekani kutoka sebuleni. Na kulikuwa na kazi ya matanga mezani, mazishi ni Jumamosi.

Akaita fundi. Fundi hakuuliza ni nini kimebadilika nyumbani. Hakuandika ipconfig. Akamwambia, "Madam, hizi mashine zimeingiwa, dawa ni kupiga fomati." Shilingi 2,500 kwa kila moja. Akaanza na ya sebuleni, na hakuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi kwanza. Picha zote za marehemu zilikuwa hapo, zikaenda. Nyingine familia ilituma tena kwa simu. Lakini ile moja ya mzee akiwa kijana, amevaa suti mbele ya studio ya zamani, ilikuwa imeskaniwa kutoka kwa albamu, na albamu ilikuwa imesharudi ushago. Programu ilichapishwa bila hiyo picha.

Na baada ya fomati, printa bado haionekani!

Nilipoitwa nilimwomba kitu kimoja: "Mama, hebu nione kule ruta ya pili ilikochomekwa." Ilikuwa imechomekwa kwa tundu lililoandikwa WAN. Ukifanya hivyo, ruta ya pili inajenga mtaa wake mpya nyuma ya ule wa kwanza. Aliye mtaa wa nyuma anaweza kutoka kwenda mbele, lakini aliye mbele hawezi kubisha hodi nyuma. Printa ilikuwa nyuma. Kompyuta ya kubuni ilikuwa mbele. Intaneti ilifanya kazi kote, ndiyo maana hakuna aliyeshuku ruta.

Dawa: ingia kwa mipangilio ya ruta ya pili, zima huduma yake ya kugawa anwani, ile inayoitwa DHCP, halafu hamisha waya kutoka tundu la WAN hadi moja ya yale matundu ya LAN. Ruta nyingi siku hizi zina hata kitufe cha kuchagua kazi ya "Access Point" kinachokufanyia hayo yote. Kuna jambo moja tu la kuangalia, anwani ya ruta ya pili isiwe sawa na ya kwanza. Mtaa ukawa mmoja, zima na uwashe kompyuta zipate anwani mpya. Printa ikaonekana. Yule mama alinitazama akaniuliza, "Kijana wangu, sasa zile 2,500 nililipia nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Ninachojua ni kwamba kufomati kompyuta kwa sababu haioni nyingine ni kama kubomoa nyumba kwa sababu mgeni amepotea njia. Nyumba haina kosa. Ni njia.

Kuna kisa kingine cha aina hiihii. Ruta nyingi zina waifai ya wageni, na kazi ya waifai ya wageni ni kuwatenganisha watu wasionane. Ukiunganisha laptopu moja hapo na nyingine kwa waifai ya nyumba, usishangae. Hakuna kilichoharibika, ruta inafanya ulichoiambia.

Uongo wa tatu: "Zima fayawoli, itashika"

Huu ndio unaonikasirisha kuliko wote kwa sababu unatoka kwetu, watu wa video za dakika moja. Fayawoli ni askari wa getini. Ati mgeni wako amekataliwa getini, kwa hivyo mfukuze askari kabisa, geti libaki wazi usiku na mchana. Nani hufanya hivyo kwa nyumba yake?

Tuanze na ping. Unaandika ping na anwani ya kompyuta ya pili, mfano ping 192.168.1.9. Ikijibu, njia iko. Ikikataa, kila mtu anapiga kelele "mtandao umekufa". Si lazima. Windows, kama ilivyo kutoka kiwandani, mara nyingi inakataa kujibu ping mpaka uruhusu kushiriki faili. Kwa hivyo kimya cha ping si cheti cha kifo.

Papo hapo baada ya ping, andika arp -a. Hiyo ni orodha ya majirani ambao kompyuta yako imesikia sauti yao karibuni. Ukiona anwani ya kompyuta ya pili hapo, na kando yake ile namba ndefu ya kadi yake ya mtandao, basi iko hai, imesikia, imeitika kwa kiwango cha chini kabisa, ila askari wake amekataa swali lako. Waya ni mzima. Ruta ni nzima. Shida ni ruhusa. Ikiwa haipo kabisa kwenye orodha, rudi nyuma kwa waya, waifai na mitaa. Amri mbili, sekunde kumi, na umeshagawa tatizo vipande viwili. Hakuna fomati inayoweza kukupa jibu kama hilo.

Sasa huyo askari. Windows ikikutana na mtandao mpya huwa inauchukulia kama wa mkahawa, wa watu usiowajua, na kuuita "Public". Hapo inajificha. Kwa mtandao wa nyumbani kwako, ingia kwa mipangilio ya mtandao, ubadilishe uwe "Private", halafu washa ugunduzi wa mtandao na ushiriki wa faili na printa. Fanya kwa kompyuta zote mbili. Askari anabaki getini, umempa tu orodha ya wageni. Ukienda mkahawani, mtandao wa huko unabaki "Public", na unabaki salama.

Mbona nashikilia hili hivi? Kwa sababu tumeshaona geti likiachwa wazi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia na kufunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza, na kilipitia mlango huuhuu wa kushiriki faili, ule wa toleo la zamani linaloitwa SMB1. Dawa ya Microsoft ilikuwa imetoka tangu Machi mwaka huo. Wengi hawakuwa wameiweka. Mwaka huohuo Windows 10 mpya zikaanza kuja bila SMB1. Na bado leo utapata mtu anakwambia, kwa ujasiri wote, "Washa SMB1 kompyuta zionane." Akikwambia hivyo muulize kama nyumbani kwake analala mlango wazi.

Uongo wa nne: "Paswadi imekataa, Windows imeharibika"

Mmefika mbali. Unaona kompyuta ya pili, unabofya, inaomba jina na paswadi. Unaandika zile namba nne unazofungulia kila asubuhi. Inakataa. Unaandika tena. Inakataa. Fundi anaitwa, na mnajua atasema nini.

Zile namba nne ni PIN, na PIN ni ya mashine hiyo moja tu. Haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni paswadi kamili ya akaunti ya ile kompyuta unayoingia, na kama ni akaunti ya Microsoft, ni paswadi ya akaunti hiyo, ambayo wengi wameisahau kwa sababu hawajaiandika tangu siku ya kununua. Na kama kompyuta ya pili haina paswadi kabisa, Windows inakataza akaunti isiyo na paswadi kuingiliwa kutoka kwa mtandao. Haijaharibika, inakukinga. Windows 11 Pro, kuanzia toleo la 24H2 la mwaka wa 2024, inakataa hata kuunganika kama mgeni asiye na jina. Kwa hivyo wale wa "ondoa paswadi zote iwe rahisi" wanakutengenezea tatizo jipya wakidai wanaondoa la zamani. Njia rahisi ni kufungua akaunti moja ya kawaida kwa kompyuta yenye folda, uipe paswadi nzuri, uiruhusu kwa folda hiyo moja, basi.

Uongo wa tano: "Hii kitu inashika ikitaka"

Jana ilikubali, leo imekataa, kwa hivyo ni mapepo. La. Mara nyingi ni stima. Stima ikipotea na kurudi, ruta inaamka na kugawa anwani upya, na ruta nyingine za bei nafuu hazikumbuki nani alikuwa na ipi. Kompyuta yako bado inatafuta printa kwa 192.168.1.9, na 192.168.1.9 sasa ni simu ya mgeni. Ingia kwa ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, uipe ile kompyuta namba yake ya kudumu. Dakika tano, na hutasikia mapepo tena.

Vilevile, kama kuandika jina la kompyuta kunakataa, andika anwani yake kwenye upau wa juu wa folda, mikwaju miwili ya kuinamia nyuma kwanza: \\192.168.1.9. Ikifunguka, ujue mtandao ni mzima, kilichokwama ni utafutaji wa majina tu. Umebaki na tatizo dogo badala ya kubwa.

Na kama kasi imeshuka ghafla kwa waya, kumbuka waya wa mtandao una jozi nne ndani. Kasi ya megabiti 1,000 inahitaji zote nne. Megabiti 100 inatosheka na mbili. Mlango ukibana waya ukakata jozi moja, bado unaweza kuona "imeunganishwa", lakini ile video ya sekunde 80 sasa ni dakika 13. Badilisha waya kabla ya kuuziwa ruta yenye antena nane.

Sasa mniambie nimekosea wapi

Kuna watakaosema nawaharibia mafundi riziki. Sikubali. Fundi mzuri namheshimu, na nimewahi kukaa na mmoja aliyenieleza kila hatua huku akiendelea kufanya kazi. Huyo hapungukiwi na wateja ukijua kuandika ipconfig. Anayepungukiwa ni yule ambaye mtaji wake ni wewe kutojua. Huyo simuonei huruma, kwa sababu nimeona programu ya mazishi yenye nafasi tupu ya picha.

Wengine watasema klaudi ni rahisi, na pia ni nakala ya akiba. Ukweli. Weka nakala kwa klaudi. Kama yule mama angekuwa nayo, ile picha ingekuwepo. Lakini nakala ya akiba ni kitu kimoja, na kupitisha kila kitu nje kwa sababu hukujua kwa nini kompyuta mbili hazionani ni kingine. Hasa unapopitisha vitambulisho vya wateja, hati za shamba na ripoti za watoto wa shule kwa kiungo cha wazi ambacho yeyote akikipata anafungua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Kama unafanya biashara na karatasi za watu, hiyo sheria inakuangalia wewe pia, si kampuni kubwa peke yake.

Na wengine watasema hawana muda. Una saa 2 na dakika 13 za kungoja mstari wa bluu ujae, lakini huna dakika kumi za kuandika amri tatu?

Basi fanya hivi. Fundi akija, kabla hajagusa chochote, muulize maswali matatu: anwani za hizi kompyuta mbili ni zipi? Umejaribu ping na arp, na zimesema nini? Ukifomati, shida gani hasa itaondoka? Akikujibu vizuri, mlipe na umpe chai. Akikasirika, mfungulie mlango.

Na mkiniandikia, tafadhali, msiniandikie "bro haishiki". Sijui kinachokataa ni nini. Niandikie anwani zote mbili, kila kompyuta imeunganishwa kwa waya au kwa waifai gani, ping na arp zimejibu nini, na maneno kamili ya ujumbe unaotokea kwa skrini. Ukimaliza kukusanya hayo manne, kuna uwezekano mkubwa utakuwa umeshaona jibu mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma.